Ubeti Nilioambiwa Niuache

Penseli yangu ya mwisho nimeiacha kwenye droo ya pili, pamoja na daftari tatu ambazo hazijajaa na kopo la sindano za gramafoni. Sindano hizo zimekwisha kutumika. Msizirudie, zinakula santuri. Nimeacha kazi tangu mvua zilipokoma, na ninyi vijana mnaoendelea kuandika maneno ya nyimbo mmeniomba niwaeleze jinsi nilivyoifanya. Nimechelewa kuanza kwa sababu nimechoka. Magoti yamechoka, macho yamechoka, na kuna jambo moja katika kazi hii lililonichosha kuliko njia zote nilizotembea kati ya Fizi na ziwa. Nitalifikia. Habari za nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini waulizeni wengine. Mimi hazikunikaa kichwani.

Kuandika nilijifunza misheni, kule juu Fizi, kabla sijaiona gramafoni kwa macho. Vitabu vya nyimbo za kanisa vilikuwa vichache na vikanisa vya vijijini vilikuwa vingi, kwa hiyo tulinakili kwa mkono. Mwalimu wetu alikuwa mzee Lazaro, mtu mwembamba aliyetembea na rula ya mwanzi mfukoni. Hakuitumia rula hiyo kutupiga. Aliiweka juu ya ukurasa wako na kuishusha mstari kwa mstari, akilinganisha na kitabu. Ukiwa umeruka mstari, aliiondoa ile karatasi. Alikupa karatasi safi, ukaanza tena kutoka juu. Siku yangu ya kwanza ukurasa mmoja niliuanza mara tano.

"Mutoto," aliniambia jioni ile, "huu wimbo ulifika kwako na miguu yake yote. Usiukate muguu."

Kufuta maneno kwake kulikuwa kubaya kuliko kuruka. Karatasi ambayo mtu atasali nayo, alisema, haichorwi makovu. Nilikaa chini ya rula ile miaka kumi na moja, na bado namshukuru Mungu kwa ajili ya mzee Lazaro kila asubuhi, ingawa mtaona kwamba mafunzo yake ndiyo yaliyonikwaza.

Nilishuka Baraka nilipooa, kwa kuwa nyumbani kwa mke wangu ni ziwani. Mzee Sefu, mwenye duka, aliuza vitambaa, majembe, taa na gramafoni, na alikuwa wakala wa nyumba moja ya santuri iliyokuwa na chumba chake cha kurekodia Usumbura. Walitaka mtu wa kuwaandikia maneno na majina, ili waliokuwa wakichapa karatasi ya duara iliyo katikati ya santuri wasibuni. Pasta wetu aliposikia, aliniuliza kama nitaandika pia nyimbo za pombe. Nikamjibu kwamba daktari naye huandika majina ya magonjwa. Hakucheka, lakini aliniacha.

Siku ya kwanza dukani Mzee Sefu aliweka santuri, akazungusha mkono wa mashine, akaniambia niandike. Wimbo ulikwisha nikiwa na mistari miwili.

"Mwalimu," akasema, "hii iko naimba. Haiko nakungojea."

Basi shikeni hili: mara ya kwanza sikilizeni bila penseli. Mara ya pili andikeni mwanzo wa kila mstari tu. Mara ya tatu jazeni. Msitumie wino karibu na ziwa, unyevu huusambaza. Upande mmoja wa santuri huchukua dakika tatu na punje kidogo, kwa hiyo saa ya mkononi ni chombo cha kazi, si pambo. Na jina la mtungaji ulizeni mara mbili, mara moja mbele ya watu na mara moja mkiwa wawili. Mbele ya watu kila mtungaji mwenye adabu atasema wimbo ni wa wote.

Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi mpaka walipokuja Etabo na Alimasi.

Mliwasikia wote wawili, lakini wengi wenu hamkuwaona wakianza. Etabo alikuwa mrefu, mwenye mdomo, sauti yake ya juu. Alimasi alikuwa mfupi na mkimya, na mkono wake wa kulia kwenye gitaa haukuwa na haraka hata siku moja. Walijiita Wawili wa Mutambala, kwa jina la mto. Waliimba vizuri sana, na hawakuweza kutunga. Walijaribu, niliandika majaribio yao mwenyewe na nikayafunga kwa huruma. Walichojua ni kuuchukua wimbo wa mtu mwingine na kuuimba hadi mwenyewe akajiuliza kama kweli ulikuwa wake. Kwa hiyo pale sokoni Baraka walipopita na magitaa yao, vijana walipiga kelele: "Bakasuku bamefika! Leo munaimba ya nani?"

Asubuhi moja Etabo aliingia dukani akaegemea meza yangu.

"Mwalimu, batu banasema tuko bakasuku."

"Nimesikia."

"Basi tutengeneze kitabu cha bakasuku. Disiki sita, nyimbo kumi na mbili, na hakuna hata moya yetu. Tunaandika juu yake kabisa: *Si Zetu*. Kila wimbo na jina la mwenyewe. Kisha niambie nani atatutukana tena."

"Watapata neno lingine," akasema Alimasi kutoka mlangoni.

Wakati ule kitabu cha santuri kilikuwa kitabu kweli: jalada gumu, na ndani mifuko sita ya karatasi nene iliyoshonwa pamoja, santuri moja katika kila mfuko. Kilikuwa kizito kama Biblia ya mimbarini. Nyumba ya santuri ilikubali, kwa sharti kwamba kila mtungaji ajulikane na awe ameridhia. Kazi ya kumtafuta kila mmoja ikawa yangu. Tulitembea watu watatu, magitaa mawili na daftari moja kwa muda wa msimu mzima wa kiangazi.

Tuliweka desturi yetu, nami ningependa muishike. Mtungaji aliuimba wimbo wake. Nikauandika. Wale wawili wakajifunza, kisha wakamwimbia mwenyewe akiwa ameketi. Akasahihisha. Ndipo aliposema kwa kinywa chake, mbele yetu, kwamba ameutoa. Bila neno hilo hatukuondoka. Nundu kulikuwa na seremala aliyetunga akipiga randa, na hakuweza kuimba mikono ikiwa mitupu, hivyo tulimpa ubao. Milimani, upande wa Minembwe, mzee mmoja mfugaji alitupa wimbo wa kukamulia, lakini alikataa kuwa msikilizaji.

"Mimi si niliyetungiwa," alisema. "Mwimbieni yule." Akatuonyesha ng'ombe mwekundu mwenye pembe ndefu.

Etabo aliimba. Ng'ombe alimtazama, akapiga teke ndoo.

"Umeimba haraka, kijana. Hajaelewa."

Ilitubidi kulala huko, na tukaimba asubuhi mbili zaidi, mpaka ng'ombe akatulia na maziwa yakashuka. Mzee akasema, "Sasa uchukueni." Njiani Etabo alisema hajawahi kupewa mtihani mgumu hivyo, hata shuleni. Alimasi akamjibu kwamba shuleni hakuwahi kufika kwenye mtihani.

Wimbo wa kumi na mbili tuliupata Kazimia. Mwenyewe aliitwa Mama Apendeki, mjane mwenye watoto wadogo, aliyekausha samaki juu ya moshi karibu na gati. Wimbo wake ulimhusu mdogo wake, Abwe, aliyekwenda Katanga kuchimba shaba na kukaa huko miaka. Ulikuwa na beti nne. Tatu za kwanza zilichekesha. Alimhesabia ndugu yake vitu vinavyomngoja: kasia lake lililoanza kuota uyoga, sahani yake ambayo hakuna anayeruhusiwa kuitumia, mbwa wake aliyenenepa kwa kula fungu lake. Ubeti wa nne haukuchekesha. Ulisema: Abwe, mama yetu amelala udongoni, na alikufa uso wake ukiwa mlangoni.

Nilikuwa nimeandika nyimbo nyingi, na sikuwa nimesikia mistari miwili iliyokwenda chini namna ile. Etabo na Alimasi walitoka kupokea samaki waliochomewa. Nilipokuwa nikifunga daftari, Mama Apendeki akaja karibu.

"Mwalimu, ule wa mwisho uuache. Niliuimba juu ulikuwa unaniuma. Haiko wa disiki."

"Kwa nini, mama? Ndio mzuri kuliko zote."

"Abwe hajue bado."

Sikuelewa mara moja. Akaketi, akanieleza. Mama yao alikuwa amekufa miezi mitano kabla ya hapo. Mwanamume wa kumtuma Katanga hakuwepo, na yeye hangeweza kuwaacha watoto.

"Barua hapana," alisema. "Habari ya kilio habatumake ku karatasi. Muntu anapashwa kwenda, akae naye chini, bakule kwanza, kisha amwambie. Na batu bakuwe karibu wa kumushika. Unawaza Abwe asikie ile ku disiki, amesimama ku baa katikati ya balevi? Nani atamushika?"

"Hataisikia, mama."

"Unaahidi?"

"Naahidi mbele ya Mungu."

Ndipo alipoutoa wimbo, beti tatu, kwa kinywa chake, mbele ya wale wawili waliorudi na mafuta ya samaki midomoni.

Sasa someni polepole, maana hapa ndipo kazi yangu ilipovunjika. Niliporudi Baraka, niliketi kunakili nyimbo zote kumi na mbili kwenye karatasi safi za kuimbia. Nilipofika kwenye wimbo wa Kazimia niliandika beti tatu, nikasimama. Rula ya mzee Lazaro ilikuwa juu ya ukurasa, ingawa mzee mwenyewe alikwisha kufa. Nilimwona anaishusha, mstari kwa mstari, na kufika mahali ambapo wimbo hauna mguu. Sikuweza. Nilijiambia kwamba kuandika si kuimba. Nikauandika ubeti wa nne kamili, na kando yake, kwa kuwa sikuweza pia kuufuta, nikachora mstari mwembamba wa penseli kutoka juu hadi chini. Katika akili yangu mstari ule ulisema: *hapa pasiimbwe*. Sikumwambia mtu. Nilidhani umesema wenyewe.

Siku ya kurekodi Usumbura nilipewa kazi ya nje. Chumba kilikuwa kimezibwa kwa mablanketi, lakini barabara ilikuwa karibu, na mtu mmoja alitakiwa asimame mlangoni awanyamazishe wapita njia. Wenye baiskeli niliwashusha. Wanawake wa sokoni niliwaomba kwa heshima. Mbuzi mmoja nilimshika mdomo dakika tatu nzima. Kutoka ndani sikusikia neno. Walipomaliza, fundi wa mashine alitoka akiwa na furaha, akafunga mikanda kwenye sanduku la kupelekwa Ulaya, ambako santuri zingegandamizwa. Nilimshukuru Mungu kwamba kazi imekwisha.

Sanduku la Baraka lilifika baada ya miezi mingi. Mzee Sefu aliweka gramafoni barazani, na watu wakajaa hadi barabarani. Nilishika kitabu cha kwanza mikononi mwangu. *Si Zetu*, na chini yake majina kumi na mawili, kila herufi mahali pake. Sikatai kwamba nilijivuna. Tulipiga santuri moja baada ya nyingine. Wale waliozoea kupiga kelele za kasuku walikuwa wakiimba pamoja. Seremala wa Nundu, aliyekuja kwa miguu, aliushika mkono wangu na hakuuachia.

Wimbo wa Kazimia ulikuwa wa mwisho, upande wa pili wa santuri ya sita. Kasia, watu wakacheka. Sahani. Mbwa. Nilianza kuinuka ili nikazungushe mashine. Gitaa la Alimasi halikusimama. Sauti ya Etabo ilishuka, na mbele ya watu wote wa Baraka ikamwambia Abwe kwamba mama yake amelala udongoni.

Watu walisema ni wimbo mzuri kuliko zote.

Nilimvuta Alimasi nyuma ya duka.

"Kwa nini mliuimba ule?"

"Ulikuwa umeandikwa, Mwalimu. Fundi alisema wimbo ni mufupi, inabakia nafasi ku disiki, akauliza kama haiko ubeti mwingine. Nikaangalia ku karatasi yako. Ulikuwako, nikawaza mama alikupa na ule."

"Uliwekewa mstari."

"Mustari?" Alifikiri. "Miye nilizania ni wa karatasi."

Nikamweleza alichoniambia Mama Apendeki. Etabo alikuja katikati ya maelezo, akasikia yaliyobaki. Tukaingia kwa Mzee Sefu watu watatu, na mimi nikasema kosa ni langu. Yeye alikuwa Mwislamu na mimi Mkristo, na tulikuwa tumebishana juu ya mengi kwenye meza ile. Juu ya namna ya kupeleka habari ya kifo hatukuwa na la kubishana. Alifungua droo akanipa msumari.

Ubeti wa nne ulikuwa mwisho wa santuri, karibu na karatasi ya katikati. Ukikwaruza kutoka pale unapoanza hadi kwenye karatasi, sindano ikifika inateleza, na wimbo unakwisha. Tulifungua vitabu vyote vya sanduku lile. Alimasi alikuwa akipiga na kuinua mkono wa sindano pale ubeti unapoanza, mimi nikikwaruza, Etabo akirudisha mfukoni. Mimi ambaye sikutaka kuchora kovu kwenye karatasi moja, siku ile nilitia makovu santuri za sanduku zima. Tulimaliza kabla ya jua kuzama. Mzee Sefu alikuwa akisoma barua iliyokuja na mzigo. Akaivua miwani.

"Mwalimu, keti."

Nilijua si habari njema, maana alikuwa ameniambia niketi.

"Sanduku lingine limekwenda moja kwa moja Katanga. Kwenye maduka ya kambi za shaba. Limeondoka pamoja na hili."

Etabo alisema, "Tutakwenda siye."

"Ninyi hapana," nikamjibu. "Ninyi ndiyo sauti yenyewe."

Telegramu tuliifikiria na kuiacha. Ile nayo ni karatasi. Nilipanda Fizi kuomba karatasi ya ruhusa ya njia, nikaingoja siku tatu, kisha nikashuka Kazimia kwanza. Sikutaka kwenda bila kumwona. Mama Apendeki alikuwa akigeuza samaki. Nilimwambia yote: rula, mstari, fundi, sanduku. Nilitazamia anilaani na nilikuwa tayari. Aliendelea kugeuza samaki mpaka safu ikaisha.

"Basi we njo muntu wa kutuma ule nilikuwa nakosa," alisema. "Enda. Usimwambie amesimama. Na ukule kwanza, hata kama huna njaa."

Akanifungia samaki wa Abwe kwenye jani na gunia.

Meli ilinipeleka Albertville, kisha treni. Sitawaeleza njia; nilisali, nikalala nimekaa, nikaamka, nikasali. Kila kituo nilichosikia gramafoni, nilinyanyua kichwa. Nilikuwa mzee tayari wakati ule, na nilijisemea kwamba Mungu akinifikisha kabla ya santuri, nitaacha kazi. Kisha nikaona aibu kwa kujaribu kupatana na Mungu kama mtu aliye sokoni, nikaomba nifike tu.

Nilifika kambini siku ya mapumziko, mchana. Nyumba zilikuwa za matofali, mstari mrefu, zote sawasawa. Nilipokuwa nikiuliza njia karibu na baa, mlango wake ulikuwa wazi, na nilisikia mkono wa Alimasi usio na haraka. Kasia. Sahani. Mbwa. Nilisimama juani na gunia la samaki. Ubeti wa nne uliimbwa wote, safi, bila kovu. Ndani, mtu mmoja alisema, "Rudisha."

Nilikuwa nimechelewa. Ningeweza kugeuka. Ninawaambia ukweli, niligeuka, nikapiga hatua kama kumi kuelekea kituoni. Kisha nikakumbuka nimebeba samaki wa mtu.

Abwe alikuwa mlangoni mwake akishona kiatu. Nilimtambua kwa paji la uso, lile lile la dada yake. Niliposema nimetoka Kazimia, aliweka kiatu chini polepole, akaingia ndani, akatoka na kiti. Mkewe alipokea samaki. Tulikaa. Aliniuliza habari za Apendeki, za ziwa, za paa la dada yake, za jirani ambaye ng'ombe wake aliingia kanisani. Nilijibu yote. Chakula kikaja, ugali na samaki wale wale. Nilikula bila njaa, kama nilivyoagizwa. Yeye pia alikula, mpaka mwisho, akichota tena ugali. Kitu kimoja hakuuliza. Hakuuliza habari za mama yake.

Mkewe alipoondoa sahani niliweka mikono juu ya magoti, nikaanza, "Abwe, mwanangu, kabla sijasema nililotumwa, nataka nikuombe radhi. Kuna santuri..."

"Nilishaisikia, Mzee."

Nikamtazama usoni.

"Inafika siku tisa leo," alisema. "Nilikuwa ku baa. Benzangu banacheka juu ya imbwa, na miye nacheka. Kisha nikasikia." Alitazama chini. "Nikatoka. Nikakuja hapa. Huyu muke wangu akaniuliza ni nini, nikamwambia hapana kitu. Kazini nimekwenda kila siku."

"Siku tisa?"

"Disiki haiko muntu, Mzee. Haikuketi na miye. Haikukula. Ningelia namna gani, nani aliniambia? Nilisema kama ni kweli, yaya Apendeki atatuma muntu. Nimengoja muntu." Akasogeza kiti chake karibu na changu, magoti yetu yakagusana. "Sasa niambie. Anzia ku mwanzo. Sema sawa vile sijui kitu."

Nikamwambia. Nilianza na homa, kama dada yake alivyonieleza, na siku zilivyohesabiwa, na nani alichota maji, na nani alimwosha. Nilimwambia walimweka wapi, na kwamba kutoka pale ziwa linaonekana. Nilimwambia kuhusu mlango. Nilisema yote polepole kama mtu anayenakili, na sikuruka mstari. Nilipofika mwisho nikasema maneno yale ambayo mtu aliyetumwa lazima ayaseme wazi: "Abwe, mama yako amekufa. Mimi nimetumwa na dada yako nikuambie."

Ndipo akalia. Alilia kilio cha siku tisa, na mkewe akaja mbio kutoka jikoni akamshika upande mmoja, mimi upande wa pili. Majirani waliposikia walikuja bila kuitwa, wakavua kofia mlangoni, wakaketi sakafuni wote, mpaka wengine wakabaki nje. Mmoja wao alinyanyuka akaenda baa. Baada ya muda mfupi gramafoni ikanyamaza.

Nilikaa nao siku tatu za matanga. Penseli ilikuwa mfukoni na sikuitoa.